Mpekuzi Aliyenishona Mkono

Yule daktari alipoinama juu yangu, barakoa usoni na kofia ya kijani imeshuka mpaka kwenye nyusi, nilimtambua kwa macho. Macho yale! Miaka sita mfululizo, kila Ramadhani, yamenikodolea kwa karibu kiasi cha kunihesabia vinyweleo vya pua. Nikainuka kwenye kitanda cha magurudumu kama mtu aliyeumwa na nge.

"Nirudisheni nyumbani," nikasema. "Mkono umeshaanza kupona wenyewe."

Mkono ulikuwa umevimba kama andazi. Mfupa wa kidole cha mwisho ulikuwa unaelekea Basra na wa jirani yake unaelekea Mosul.

"Lala, Mwalimu," akasema yule mwenye macho. Akaushika mkono wangu taratibu, akaugeuza huku na huku chini ya taa, na wallahi nilisikia anacheka ndani ya barakoa. "Mkono wa kulia wa Mwalimu Hikmat. Miaka sita nautafuta, leo umeniletea mwenyewe!"

Kama huujui mchezo wa pete, sina muda wa kukufundisha wote, lakini shika hili. Wanaume arobaini wa mtaa mmoja wanakaa chini kwa safu. Mkuu wao anapita na blanketi, anawafunika mmoja mmoja, anaingiza mkono wake kwenye ngumi ya kila mtu, na mahali fulani humo anaiacha pete. Kisha blanketi linatolewa, na ngumi themanini zinabaki magotini. Hapo ndipo mtaa wa pili unapomleta mpekuzi wake. Anatembea, anatazama macho, anatazama koo linalomeza mate, anatazama vidole. Akiona huna kitu anakuambia, "Fungua!" nawe unafungua mikono mitupu na kutoka mchezoni. Akiwa na hakika kwamba unayo, anasema, "Leta pete!" Lakini akimfungua kwa dharau mtu ambaye kumbe anayo, amekwisha, pointi si yake. Hakuna kuulizana, hakuna kupekuana mifuko. Ni macho kwa macho.

Mimi ndiye mficha pete wa mtaa wetu, mwaka wa kumi na moja huu. Sijisifu, nasema tu. Katika Baghdad nzima huwezi kupata uso mkavu kama wangu. Hata siku ya harusi yangu shangazi zangu waliniuliza kama nimelazimishwa. Na Daktari Nabhan ndiye mpekuzi wa wale wa ng'ambo ya daraja. Nilijua ni daktari, lakini siku zote nilidhani ni wa meno.

Sasa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili alivunjikaje mkono? Kwa mpira wa wavu, na kwa haki. Mimi ni mwalimu wa michezo. Tulikuwa tunacheza walimu wa shule yetu na walimu wa shule ya jirani, na upande wao kulikuwa na kijana mmoja wa jiografia, mrefu, ana kiburi. Aliporuka kupiga, nami nikaruka kuzuia. Nilizuia! Hilo naomba liandikwe. Mpira ulirudi kwao ukaanguka ndani. Ni katika kushuka tu ndipo nilipoushindilia mkono kwenye nguzo ya chuma ya wavu.

"Naomba daktari mwingine," nikamwambia Nabhan.

"Mwingine yupo. Ni mwanafunzi wangu, wiki hii ndiyo ya kwanza kushika kisu."

Nikalala.

Walinitia ganzi mkono peke yake kwa sindano ya kwapani, mimi nikabaki macho, pazia limewekwa shingoni nisione. Haji Mizhir, mkuu wetu wa mchezo, mzee wa miaka sabini na mitatu mwenye sauti ya kuuza matikiti, alikuwa nje ya mlango anadai aingie kama shahidi wa mtaa. Nilimsikia akimwambia muuguzi, "Binti yangu, ule si mkono wa mtu mmoja. Ule ni mkono wa watu arobaini." Muuguzi akamfungia mlango.

Na kule nyuma ya pazia daktari anakata huku anaongea.

"Aaa! Kumbe humu ndimo mlimokuwa mnaificha."

"Daktari, usinichekeshe, utanikata vibaya."

"Wewe unacheka? Tangu lini?" Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya kazi. "Mwalimu, nisikilize. Mifupa nitaifunga kwa bamba na skrubu, hiyo haina shida. Lakini kuna mshipa wa fahamu hapa, ule wa upande wa kidole cha mwisho. Umebanwa na mfupa. Haukukatika. Nimeuachia, lakini unaweza kuamka wenyewe, na unaweza kushikwa na kovu ukalala moja kwa moja. Nitakupima kila wiki. Baada ya miezi mitatu kama hauhisi, nitafungua tena niutoe kwenye kovu. Tukichelewa sana, hautaamka tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi uniambie ukweli kila wiki."

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

"Mwalimu," akasema, "kazi yako yote kwangu ni kunidanganya."

Nilipotoka, Haji Mizhir alimkamata daktari pale kwenye ukumbi, akamuuliza mbele za watu, "Umeona nini ndani?" Daktari akamjibu, "Mifupa, Haji." Haji hakuridhika. Siku tatu nzima mkahawani hawakuzungumza jambo jingine. Wapo waliosema daktari amekwisha kuujua mkono wetu ndani na nje, kwa hiyo ajiuzulu upekuzi. Wapo waliosema kila mgonjwa ana siri yake, na alichokiona hospitali hawezi kukitumia uwanjani. Fundi cherehani mmoja akatoa wazo kwamba na sisi tupate nafasi ya kumpasua yeye ili mambo yawe sawa. Mwishowe Haji alimpigia simu. Daktari akala kiapo kwamba kwenye safu atautazama mkono wangu kama wa mtu yeyote. Wazee wakatulia, ingawa fundi cherehani aliendelea kununa.

Nyumbani nikaingia mikononi mwa Mama Sarmad. Mke wangu ni mwanamke mwema, lakini ukimpa sababu ya kukutuma, utajuta. Yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, Sitti Rusul, alisema vidole vifanyishwe kazi ndogo ndogo za uangalifu kila siku. Mama Sarmad akasikia "kazi". Siku hiyo hiyo nikawekewa beseni la wali na nyama ya kusaga na rundo la majani ya mzabibu.

"Kunja dolma," akasema.

"Mimi?"

"Daktari amesema."

"Daktari hakusema dolma."

"Amesema kazi ndogo ya uangalifu. Kuna kazi ndogo ya uangalifu kuliko dolma? Miaka ishirini na sita nazikunja mimi, hujawahi kusema ni kazi ndogo wala kubwa. Kunja!"

Nikakunja. Wiki ya kwanza zilikuwa kama soksi chafu. Wiki ya tano, wallahi, mashangazi wa mtaa walikuwa wanakuja kutazama. Vidole vilirudi, vinajikunja na kukunjuka, kile cha mwisho tu kikabaki kimepinda kidogo kama mpini wa mwavuli. Mama Sarmad alinisifu kwa majirani mpaka nikaona haya.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Kwenye vipimo vya kila wiki nilikuwa nabahatisha tu, "naam, kidogo," nikidhani ni ganzi ya jeraha itakayopita. Asubuhi moja, wiki ya kumi hivi, nilikuwa nakunja huku natazama mpira kwenye televisheni. Nikaweka wali, nikakunja pembe, nikazungusha, nikabana vizuri, nikataka kuiweka dolma yangu sufuriani. Haiendi. Navuta, haiendi. Natazama, kumbe nimekikunja kidole changu mwenyewe. Kimefungwa jani, kimekaa vizuri kabisa, na sikuhisi chochote. Nikachukua uma, nikakichoma. Hakuna kitu. Nikachoma na kile cha pili upande wa nje, na ukingo wa kiganja. Nyama ya mtu mwingine.

Nilikaa pale na jani kidoleni mpaka mpira ukaisha. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa vibaya.

Unajua ningefanya nini kama ningekuwa mtu mwenye akili? Ningekwenda kwa daktari siku ile ile. Lakini nilihesabu siku. Miezi mitatu ilikuwa inatimia wiki moja kabla ya mwandamo. Nikisema ukweli, napasuliwa, narudi kwenye plasta, na Ramadhani nzima nakaa nje ya safu nawabebea wenzangu chai. Mwaka wa kumi na mbili wangenipa heshima ya kukaa na wazee kwenye viti vya plastiki. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulisema hata moyoni.

Basi nikadanganya. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi kama kuiba embe la kipofu. Daktari anakuambia ufumbe macho, anakugusa na pamba au ncha ya pini, na wewe unasema "naam" ukihisi, na unataja kidole. Mimi nikafumba macho kwa namna ya mficha pete. Kope zinakutana, lakini chini unabaki ufa mdogo wa mwanga. Ufa huo niliupata kwa miaka kumi na moja ya kazi.

"Hapa?"

"Naam. Kidole cha mwisho."

"Na hapa?"

"Naam. Jirani yake. Taratibu, daktari, unanichoma!"

Hilo la mwisho nililitia kama chumvi. Daktari Nabhan alifurahi kweli. Aliniambia mshipa wangu una roho ya paka, akawaita wanafunzi wake watano waje kumwona mgonjwa aliyepona vizuri. Nikadanganya mbele ya wote sita. Aliandika kwenye faili langu, akaligonga muhuri, akaniambia, "Nenda. Tutaonana kwenye safu, na mle sitakuhurumia." Nilitoka hospitali nimenyoosha shingo, na kwenye ngazi nikausugua ukingo wa mkono kwenye ukuta wenye mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Sikuhisi.

Mchezo wetu na ng'ambo ya daraja uliangukia Ramadhani ishirini, uani kwa shule yangu, baada ya tarawehe. Mazulia yametandikwa, sinia za zalabia zinazochuruzika asali zimepangwa kandoni zikisubiri mshindi, kwaya ya vijana inaimba na kupiga matari, na mimi nimekaa safu ya pili, mahali pangu pa siku zote. Nimenyoa. Nimevaa joho la marehemu baba yangu.

Haji Mizhir hakunipa pete.

Raundi ya kwanza nikasema anachelea. Ya pili nikasema anawachezea akili. Kufika raundi ya kumi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Blanketi linakuja, giza, mikono ya mzee inaingia kwenye ngumi zangu, ya kushoto kisha ya kulia, inatoka. Naisubiri ile baridi ya pete kiganjani, na haipo. Anaenda kumpa fundi cherehani! Fundi cherehani, mtu ambaye akishika pete masikio yanamwiva mpaka unaweza kuyaota kama moto!

Na kila raundi Daktari Nabhan anapita, ananitazama mara moja tu, "Fungua," kama mtu anayefukuza nzi. Nafungua, mitupu, natoka. Watu wa ng'ambo wanacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu amekuwa pambo la safu!"

Wakati wa mapumziko nilimfuata Haji kwenye birika la chai.

"Haji, umenionaje?"

"Mzima."

"Mwaka wa kumi na moja, Haji. Mkono huu umekula chuma na skrubu saba, umekunja dolma za mtaa mzima ili urudi hapa. Leo unampa fundi cherehani?"

"Kunywa chai, Hikmat."

"Sitaki chai!"

"Basi rudi ukakae," akasema, na akanigeuzia mgongo. Mzee huyu aliyenifundisha mchezo huu nikiwa na ndevu tatu kidevuni! Kama isingekuwa joho la baba, ningeondoka kwenda zangu.

Tulifika kumi na tisa kwa kumi na tisa. Pointi moja, pete iko kwetu, na yeyote atakayeipata amemaliza. Hata wauza chai walikuwa wamesimama. Haji akaja na blanketi kwa mara ya mwisho. Akanifunika. Nikasema moyoni, sasa. Sasa lazima. Mkono wake ukaingia ngumi ya kushoto ukatoka. Ukaingia ya kulia, nikakihisi kidole gumba chake kikinigusa huku upande wa gumba langu, kikakaa kidogo, kikatoka. Hakuna baridi, hakuna pete. Akamwendea mwingine.

Amenipita. Hata pointi ya mwisho amenipita.

Sikuona haya yoyote tena kuonyesha uso. Ningefichia nini? Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa nguo ya Idi. Blanketi liliporudishwa kwa Haji, nilikuwa natazama zulia, midomo imenitoka, ngumi zimekaa magotini kwa sababu tu hazikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Daktari Nabhan akaanza. Alipanda na safu ya kwanza kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Wewe, fungua. Wewe na wewe, fungueni. Babu, fungua, usingizi umekushika." Wanafungua, mitupu, kelele za ng'ambo zinapanda. Akamtazama fundi cherehani mara mbili, masikio meupe, "Fungua." Mitupu. Wakabaki wanane. Wakabaki watano. Akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mwalimu, umenuna."

"Sijanuna."

"Umenuna, bwana. Midomo inafika kwenye zulia."

"Nipite, daktari. Usinichoshe. Hujui nilivyotendwa leo."

Akanitazama kwa muda mrefu. Yale macho yakapanda usoni, yakashuka kwenye mkono wa kulia, kwenye kovu alilolishona mwenyewe, yakarudi usoni. Nami nilimwacha atazame. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, nilikuwa sina hata kitu kimoja cha kumficha.

"Jamaa zangu," akasema akisimama na kuwageukia watu wake, "mkono huu naujua, Haji anisamehe kiapo. Mkono huu unahisi hata ncha ya pini, nimeupima mwenyewe. Ungekuwa na pete, mwenyewe angejua, na mtu anayejua hawezi kununa namna hii. Huyu ameonewa na wenzake." Akanigeukia. "Pole, Mwalimu. Fungua."

Nikarusha mikono yote miwili wazi, kwa hasira, kama mtu anayemwaga maji.

Pete ikaruka ikaangukia zuliani.

Ilibingirika mpaka kwenye kiatu cha daktari ikalala. Na mtu wa kwanza kupaza sauti nilikuwa mimi.

"Imetoka wapi?"

Basi ua ukapasuka! Matari, vigelegele kutoka juu ya paa walikokuwa wanawake, sinia za zalabia zinapita vichwani, watu wazima wanarukiana migongoni. Fundi cherehani alinibusu mashavu na paji akaniambia mimi ni shetani, hakuna binadamu awezaye kuigiza vile. Nikanyanyuliwa. Nikashushwa. Watu wa ng'ambo wameshika vichwa. Nami nipo katikati yao sicheki, naangalia mkono wangu, kile kidole cha mwisho kilichopinda, na ule upenyo chini yake ambamo pete ilikuwa imekaa muda wote, starehe, na mimi mwenye nyumba sina habari.

Daktari Nabhan hakuwa ameshika kichwa. Alikuwa amesimama palepale, ameiokota pete, ananitazama. Halikuwa jicho la mpekuzi.

"Umesema imetoka wapi?" akauliza.

"Nilikuwa nacheza, daktari. Maneno ya mchezo."

"Kaa chini."

"Watu wanatungoja kwenye zalabia."

"Kaa chini, Hikmat!"

Nikakaa. Akachuchumaa, akaniziba macho yote mawili kwa kiganja chake cha kushoto, akabana vizuri, hapakubaki ufa wala mwanga. Kelele zikaendelea juu ya vichwa vyetu.

"Sema ninapogusa."

Nikasubiri. Nikasubiri tena. Jasho likanitoka. Nikaona nimekaa kimya mno, bora nibahatishe.

"Naam," nikasema. "Kidole cha mwisho."

"Bado sijagusa."

Akausogeza mkono wangu gotini kwake.

"Na sasa?"

"Sijui."

"Na hapa?"

"Sijui, daktari."

"Hapa nimebonyeza kwa pete kwa nguvu zangu zote." Akaondoa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, na sijui kama ni hasira au ni nini. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku zote."

"Umenidanganya mbele ya wanafunzi wangu! Nimewafundisha kwa mkono huu! Kijana mmoja ameuandikia insha!" Akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kumlaumu, na macho yakamwangukia Haji Mizhir, aliyekuwa amesimama pembeni na kipande cha zalabia, hakili. "Na wewe mzee, ulijua?"

"Nilijua," akasema Haji.

"Tangu lini?" Safari hii niliyeuliza nilikuwa mimi.

"Tangu mwezi wa Shaabani, tukicheza dhumna. Kaa la shisha lilikudondokea kidoleni, likakaa, nyama ikanuka, na wewe unaendelea kupanga mawe yako. Nililifuta mimi kwa leso. Ulidhani nafuta majivu." Sauti ile ya kuuza matikiti ilikuwa imeshuka, ndogo kabisa. "Leo usiku kucha nimekunyima ili unune vizuri."

"Kwa hiyo umenitumia! Umeutumia ugonjwa wangu kupata pointi!"

"Pointi ndiyo, nimeitaka, sitakudanganya. Lakini pointi ningeipata kwa njia nyingine." Akamnyooshea daktari kile kipande cha zalabia. "Nilitaka huyu aone kwa macho yake. Ningemwambia kwa mdomo, wewe ungekataa, ungefumba macho yako yale ya uongo, ungesema naam, naam, mpaka kidole kioze. Nimekujua tangu una miaka kumi na tisa, Hikmat. Haya, wako watu themanini hapa na pete moja. Kataa."

Nilitaka kumtukana. Nilimfungulia kinywa kabisa. Badala yake lililotoka ni lile jambo ambalo sikuwahi kulisema hata moyoni, na nililisema kwa sauti ya ajabu, mbele ya mpekuzi wa ng'ambo.

"Naogopa, daktari. Ukifungua tena ukakuta umekufa, itakuwa basi. Nikisema naam, naam, naona kama bado uko hai."

Hakucheka. Nilijiandaa acheke, na hakucheka. Alikaa zuliani mbele yangu na suti yake nzuri, akauchukua mkono wangu, akaanza kuubonyeza kutoka kwenye kiwiko kushuka chini, pole pole, akiuliza kila hatua, nami nikajibu ukweli. Hapa nahisi. Hapa nahisi. Hapa kidogo. Hapa kama mchwa wanatembea. Hapa, hapana.

"Wapi mchwa?"

"Hapo. Chini ya kifundo, penye mwisho wa kovu."

Akagonga palepale kwa kidole, mara mbili tatu, na mchwa wakanikimbilia mpaka katikati ya kiganja. Nikashtuka nikauvuta mkono.

"Huo ndio mshipa wako," akasema, na sasa ndipo akahema. "Uko hai, mwongo mkubwa wee. Umeganda kwenye kovu, lakini uko hai. Umenipotezea mwezi mzima. Mwezi mwingine ungekuwa umeniibia mkono." Akasimama, akakung'uta magoti, akamtafuta Mama Sarmad kwa macho juu ya paa, akampungia. "Mama Sarmad! Kesho saa mbili asubuhi, hospitali! Umlete wewe mwenyewe, huyu simwamini tena! Na asile daku!"

"Hatakula!" Mama Sarmad akajibu kutoka juu, na paa zima likacheka, ingawa yeye mwenyewe nilimwona amejishika kifuani.

"Na Idi je?" nikauliza.

"Idi itakukuta kwenye plasta."

Haji Mizhir akaja akaketi kando yangu kwa shida, magoti yakilia. Akakikata kile kipande cha zalabia viwili, akaushika mkono wangu wa kulia kama mtu anayeshika kifaranga, na akakitia kipande kimoja katikati ya gumba na kidole cha shahada, upande ule ambao ulikuwa bado wangu. Nilikila huku nalia, na sikujali nani ananitazama.